Mkono gani ushike fimbo? Jibu kuhusu hendeli ya kushoto na ya kulia kwenye beitikasta

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Ukerewe, sasa naishi Houston, Texas, huu mwaka wa nne. Navua besi Ziwa Conroe kwa rili (kikunjia mshipi) ya spiningi, ile inayoning'inia chini ya fimbo: fimbo naishika kulia, nazungusha kwa kushoto. Mambo mengine yote nafanya kwa mkono wa kulia. Sasa nataka beitikasta yangu ya kwanza, ile rili inayokaa juu ya fimbo. Muuzaji dukani ameniambia mtu wa kulia anunue rili ya kulia, kwani mkono wenye nguvu ndio unaozungusha. Jamaa ninayevua naye ananiambia nichukue ya kushoto. Uwezo wangu ni rili moja tu, na Desemba nakuja likizo, ningependa kuitumia na huko nyumbani kwa sangara. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nunua yenye hendeli kushoto. Nimetanguliza jibu ili kama una safari ya dukani leo usinisubiri. Sababu zake ndizo ndefu, na ndani yake kuna mahali ambapo muuzaji wako ana haki, kwa hiyo usimkasirikie.

Kwanza majina, maana hapa ndipo watu wengi wanaporudi nyumbani na rili wasiyoitaka. Tukisema "rili ya kushoto" tunamaanisha hendeli iko kushoto unapoishika fimbo mbele yako, rili ikiwa juu. Hatumaanishi rili ya mtu mashoto. Mambo yamekaa kinyume kabisa: mtu wa kulia ambaye hataki kuhamisha fimbo kutoka mkono hadi mkono, rili yake ni hiyo ya kushoto. Mashoto naye inamfaa ya kulia, ile iliyojaa kila duka. Mke wangu ni mashoto. Tangu siku ya kwanza alipoishika beitikasta yangu ya zamani aliitupa kwa kushoto na kuizungusha kwa kulia, akanishangaa mimi ninahangaika na nini. Kwa hiyo ukifika dukani usiseme "nataka ya mtu wa kulia." Sema "nataka ambayo hendeli iko kushoto," kisha iangalie kwa macho yako kabla hujalipa.

Uangalifu huo una sababu. Spiningi yako unaweza kuchomoa hendeli na kuihamishia upande wa pili kwa dakika moja. Beitikasta haikubali. Gia kuu, shafti, nyota ya dragi (inayokaza au kulegeza ukinzani samaki anapovuta mshipi) na kitasa cha kukaza spuli (kigurudumu kinachobeba mshipi) vyote vimejengwa upande wa hendeli. Upande wa pili umewekwa breki. Hakuna fundi atakayekugeuzia. Nimeletewa rili kama hizo mara nyingi na vijana walioambiwa kwamba zinageuzwa, na kila mara nimewarudishia zilivyo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Muuzaji alikuuliza: mkono upi una nguvu ya kuzungusha? Mimi nakuuliza jingine: samaki akigusa chambo, unataka fimbo iwe mkono gani?

Wewe ni mtoto wa Ukerewe, nadhani umewahi kushika mshipi wa mkono. Mimi nilifunzwa Tanga, kwenye ngalawa ya babu yangu, nikiwa na miaka tisa. Mshipi ulipita juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole hicho ndicho kilichojifunza tofauti ya changu anayedonoadonoa, tewa anayebugia kwa mkupuo mmoja, na jiwe. Mkono wa kushoto kazi yake ilikuwa kupokea mshipi na kuupanga miguuni usitatizane. Hakuna aliyetueleza kwa nini iwe hivyo. Ilikuwa hivyo kwa kila mvuvi niliyemwona, isipokuwa mashoto mmoja aliyekuwa akikaa upande wa pili wa ngalawa ili asigongane na wenzake. Kazi ya kuhisi ilipewa mkono wenye akili zaidi, na kazi ya kukusanya ikapewa mwingine.

Beitikasta ikishikwa vizuri inarudisha mpango uleule. Rili inakaa juu ya fimbo, kiganja kinaikumbatia ubavuni, kile kifyatulio kidogo chini ya fimbo kinapita katikati ya vidole, na kidole cha shahada kinanyooka mbele ya rili na kuugusa mshipi. Gumba linalala juu ya spuli. Mkono unaoshika hivyo ndio unaosikia jigi (ndoana yenye kichwa kizito) likigonga kisiki, ndio unaojua mnyoo wa plastiki umepita kwenye majani au umemezwa, ndio unaoinua ncha ya fimbo kumtia samaki ndoana. Kuzungusha ni kazi ya duara moja isiyobadilika, na mkono wowote mzima unaijua baada ya siku chache. Kusikia na kukwanyua ni kazi nyingine. Mtu wa kulia anayeshika fimbo kushoto siku nzima amempa mgeni kazi ya mwenye nyumba.

Wapo wanaofanya hivyo na wakavua vizuri sana, nitawafikia. Lakini tazama kwanza kinachotokea kwenye kutupa, kwa sababu hapa beitikasta inaachana kabisa na spiningi uliyoizoea.

Kwenye spiningi spuli imetulia na mshipi unajimwaga wenyewe. Kwenye beitikasta spuli yenyewe inazunguka, kwa kasi kubwa, ikivutwa na uzito wa chambo. Chambo kikipungua mwendo hewani na spuli ikaendelea na kasi yake, mshipi unaotolewa unakuwa mwingi kuliko unaohitajika, na hapo ndipo unapotatizana ukawa rundo ambalo wakati mwingine dawa yake ni kisu. Gumba lako ndilo breki kubwa kuliko breki zote za kiwandani. Linagusa spuli kidogo wakati chambo kiko hewani, na linaisimamisha kabisa mara tu kabla chambo hakijapiga maji. Basi gumba haliwezi kuondoka mpaka chambo kimefika.

Fikiria mtu wa kulia mwenye rili ya kulia. Anatupa kwa mkono wa kulia, gumba la kulia liko kwenye spuli. Chambo kinatua. Sasa mkono wa kushoto uje uishike fimbo na rili, wa kulia uachie, ushuke kwenye hendeli, uizungushe kidogo ili klachi ishike. Mpaka hendeli izungushwe, spuli iko huru. Samaki akivuta, anavuta spuli tupu. Mzoefu anamaliza hayo yote katika muda usiozidi sekunde moja. Anayejifunza anachukua sekunde mbili, na mara nyingi anatazama mikono yake badala ya kuutazama mshipi.

Sekunde hiyo ni ghali kwa sababu ya tabia ya besi. Besi mdomo-mkubwa hujificha kwenye kivuli cha gati, ubavuni mwa kisiki, chini ya majani, na chambo kinachozama mbele ya uso wake hukipiga kikiwa bado kinashuka. Jigi na mnyoo wa plastiki mara nyingi huliwa kabla havijafika chini. Huo ndio wakati ambao mwenye rili ya kulia anabadilisha mikono.

Nakuambia lililonipata. Nilikaa Texas miaka kumi na moja, na rili yangu ya kwanza kule ilikuwa ya kulia kwa sababu ndiyo niliyopewa. Asubuhi moja ya Aprili, Ziwa Sam Rayburn, nilikuwa natupa jigi kwenye vichaka vilivyofunikwa na maji. Mara ya kwanza niliona mshipi unakwenda kando wakati mkono wangu wa kulia uko njiani kuelekea kwenye hendeli. Nilipoishika, jigi lilikuwa limetemwa. Nikasema bahati mbaya. Likatokea tena kabla ya saa nne. Mara ya tatu samaki alikuwa mkubwa, nilimwona ubavu alipogeuka, na mimi nimeshika fimbo kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, klachi bado iko wazi. Siku hiyo nilikaa ndani ya boti bila kutupa kwa muda mrefu. Sikuwa nimekosa ustadi wa kutupa. Chambo kilikuwa kinafika pale pale nilipotaka. Nilichokosa ni mkono wa kupokea.

Wiki iliyofuata nilinunua ya kushoto. Siku tatu za mwanzo mkono wangu wa kushoto ulizungusha kama unakoroga uji mzito. Siku ya nne niliacha kuufikiria.

Mbinu inayolifanya jambo hili liwe kubwa zaidi ni ile Wamarekani wanayoiita flipingi: fimbo ndefu, mshipi mfupi, jigi linapelekwa kwa mkono umbali wa mita chache tu na kushushwa kimya kwenye kitundu cha majani. Mtu anayetajwa sana kwa mbinu hiyo ni Dee Thomas wa California, aliyeshinda nayo mashindano Bull Shoals, Arkansas, mwaka 1975. Kwa umbali mfupi vile, unatupa, linazama, unainua, unatupa tena, saa baada ya saa. Kila tupo moja lina mabadiliko mawili ya mikono kwa mwenye rili ya kulia, kwenda na kurudi. Ukitupa mara 400 kwa siku, umehamisha fimbo mara 800. Kifundo cha mkono kinajua hesabu hiyo jioni, hata kama wewe hukuihesabu.

Utauliza, kama mambo ni wazi hivyo, kwa nini maduka yamejaa rili za kulia? Hilo ni suala la historia kuliko la busara. Rili za namna hii zilianzia Kentucky mwanzoni mwa karne ya 19, na wa kwanza kutajwa ni George Snyder, fundi saa wa mji unaoitwa Paris huko huko Kentucky. Mafundi waliomfuata waliweka hendeli kulia, na wanunuzi wakazoea. William Shakespeare mdogo wa Kalamazoo, Michigan, alipoleta miaka ya 1890 kile kijimwongozo kinachokwenda kushoto na kulia kupanga mshipi kwenye spuli, hendeli ilibaki kulia. Wasweden wa kampuni ya ABU walipotoa Ambassadeur 5000 nyekundu mwanzoni mwa miaka ya 1950, ile rili ambayo wazee wengi wa Marekani bado wanaitunza kama saa ya urithi, nayo ilikuwa ya kulia. Ya kushoto ilikuja baadaye, na kwa miaka mingi ilikuwa ya kuagiza au ya kubahatisha.

Kwa hiyo kizazi kizima cha wavuvi wa besi, wakiwemo waliochukua fedha nyingi kwenye mashindano, kilijifunza kutupa kulia, kuhamisha, na kuzungusha kulia, kwa sababu hakikuwa na la kuchagua. Wakawa mahodari wa kuhamisha. Wengine walijifunza kutupa kwa mkono wa kushoto, au kwa mikono yote miwili huku ya kushoto ikiongoza, ili wasihamishe kabisa. Ukimwona mzee wa namna hiyo Conroe, usimfundishe kitu. Mkono wake umeshalipa karo. Lakini wewe hujalipa, na leo rili ya kushoto inapatikana kwa bei ileile. Huna sababu ya kurithi taabu ambayo wao wenyewe hawakuichagua.

Na lile la nguvu? Muuzaji anaona kama kuzungusha ndiko kunakomleta samaki. Mwanangu, rili si winchi. Besi wa kilo tatu huletwa na fimbo: unaiinua, samaki anafuata, unaishusha huku ukikusanya mshipi uliolegea, unainua tena. Ukiona unalazimika kukaza meno ili hendeli izunguke, umeacha kutumia fimbo. Kwa besi, mkono wa kushoto wa mtu mzima una nguvu ya kutosha na ziada. Na wewe tayari umeuzoesha miaka yote hii kwenye spiningi! Kununua ya kulia kungekuwa kuanza upya kwa makusudi, na siku utakapobeba fimbo mbili kwenye boti, spiningi na beitikasta, kila ukibadilisha fimbo kichwa chako kingelazimika kubadilika nayo.

Nimesema muuzaji ana mahali pa haki, nami sitaki kumdhulumu. Kuna chambo kinachofanana na kisamaki cha plastiki, chenye mdomo mpana mbele unaokizamisha kila unapokivuta. Wakubwa wa aina hiyo hushuka mita tano au zaidi, na wanavuta maji kwa ukali. Kazi yote hapo ni kuzungusha, muda wote, bila kupumzika. Fimbo inaelekezwa tu chini na kusubiri. Samaki akipiga anajitia ndoana mwenyewe, na akipiga huwa chambo kimeshaanza kutembea zamani, si kikiwa kinazama. Ile sekunde ya kuhamisha haina gharama. Mtu wa kulia anayevua hivyo siku nzima ana haki ya kutaka hendeli kulia, na wapo mafundi wa mashindano wanaoweka rili za kulia kwenye fimbo hizo na za kushoto kwenye fimbo za jigi na chura wa plastiki. Wana fimbo kumi na mbili kwenye boti. Wewe una moja, na kwa rili moja ninapima kwa uvuvi utakaoufanya mara nyingi zaidi.

Jambo la pili ni hao sangara wako. Hapa lazima niseme ukweli hata kama utakuvunja moyo kidogo: rili ndogo ya besi si chombo cha kukokotea nyuma ya mtumbwi wa injini Ziwa Victoria. Inabeba mita 100 hivi za mshipi wenye nguvu ya ratili 14. Sangara wa kilo 40 akiamua kuondoka, mita hizo zitaisha kabla hujamwambia nahodha azime injini. Watu wanaokokota kwa fimbo, ziwani na huku pwani kwa sulisuli na nguru, hutumia rili kubwa za ngoma, na karibu zote zina hendeli kulia. Huko ni sawa kabisa. Hakuna kutupa. Fimbo imekaa kwenye kishikio chake mpaka samaki amekula, kisha kitako chake kinawekwa kwenye mkanda kiunoni, mkono wa kushoto unaikamata kwa mbele na wa kulia unazungusha mzigo mzito. Ukipanda boti ya namna hiyo Desemba, utakuta rili yao na utaizungusha kwa kulia bila shida yoyote. Kujua kushoto kwenye beitikasta hakumfanyi mtu asahau kulia. Rili ninazotengeneza Tanga za mabaharia wa Pemba nazijaribu zote kwa kulia, na yangu ya besi ni ya kushoto.

Ila kama ratiba yako inapita Nairobi, ibebe rili yako mpya. Ziwa Naivasha lina besi mdomo-mkubwa, samaki yuleyule wa Conroe. Babu zake waliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Nimevua pale pembezoni mwa mafunjo, kwa mnyoo wa plastiki, na kila kitu nilichokuambia kuhusu chambo kinachozama kilikuwa kweli pale kama kilivyokuwa Texas. Uliza kwanza kibali cha kuvua, kaa ndani ya boti, na wape viboko nafasi yao.

Kabla ya kulipa, soma boksi. Abu Garcia na Shimano wana desturi ya kumalizia namba ya rili ya kushoto kwa 1: ukiona 6500 ni ya kulia, 6501 ni ya kushoto, 150 ni ya kulia, 151 ni ya kushoto. Daiwa huweka herufi L mwishoni. Lakini boksi huchanganywa na wateja wanaozitoa na kuzirudisha, kwa hiyo itoe yenyewe, iweke juu ya fimbo, ielekeze mbele. Hendeli iko wapi? Basi. Kama duka lina fimbo ya kuonyeshea, ifunge humo na ufanye jaribio hili: shika fimbo kwa kulia, elekeza ncha kwenye alama yoyote ukutani, zungusha kwa kushoto dakika mbili mfululizo. Kisha geuza, ukitumia rili ya kulia. Usiangalie mkono unaozungusha. Angalia ncha ya fimbo. Upande ambao ncha inatulia ndio upande wako, na kama mwili wako ukinipinga, usikilize mwili wako. Nimewahi kumwambia kijana mmoja anunue ya kushoto, akafanya jaribio hilo mbele yangu, na mkono wake wa kushoto ukawa unairusha fimbo yote kama mtu aliyekalia siafu. Alikuwa amekokota samaki kwa rili za ngoma miaka sita. Nikamwambia achukue ya kulia na ajifunze kutupa kwa kushoto, na ndivyo alivyofanya.

Mtu mwenye bega la kulia lililoumia, au kifundo kinachovimba, afuate maumivu yake. Hapo hakuna kanuni.

Kuhusu gia, chukua iliyo kati ya 6.5 na 7.5 kwa 1, yaani spuli izunguke mara hizo kila ukizungusha hendeli mara moja. Hiyo inakusanya mshipi upesi vya kutosha kwa jigi na mnyoo, na bado unaweza kuvuta nayo chambo kingine ukipunguza mwendo. Fimbo ya futi 7, ugumu wa kati kuelekea mgumu. Mshipi wa kujifunzia uwe nailoni ya kawaida ya ratili 15, kwa sababu ni rahisi na utaukata sana wiki ya kwanza. Usiuhurumie.

Mkono wako wa kushoto unajua kuzungusha, lakini hendeli ya beitikasta iko karibu zaidi na mwili na ina vishikio viwili, na rili yenyewe iko juu. Kaa sebuleni jioni, rili kwenye fimbo, bila chambo, dakika kumi. Kishikio ukikamate kwa vidole, si kwa kiganja kizima. Kiwiko kikae karibu na mbavu. Mkono wa kulia ufanye kazi yake wakati huohuo: kidole cha shahada mbele, gumba juu. Wiki moja inatosha.

Siku ya kwanza majini, funga chambo cha gramu 14 au zaidi, vyepesi vitakutesa. Bonyeza kitufe cha klachi, achia chambo kishuke, na ukaze kile kitasa kidogo upande wa hendeli mpaka chambo kishuke polepole na spuli isimame chambo kinapogusa chini. Breki za upande wa pili, ambao sasa uko chini ya kiganja chako cha kulia, weka karibu na mwisho wa kukaza. Tupa kwa ulaini, nusu ya umbali unaoutaka. Upepo uwe mgongoni. Ukiona umetupa mara hamsini bila kutatizika, legeza breki hatua moja tu.

Na jambo moja la fundi, kwa sababu rili zinazofika mezani kwangu zimeharibiwa hapa kuliko mahali pengine. Siku utakapotaka kuifungua uioshe na kuitia grisi, kumbuka kwamba rili nyingi za kushoto zina nati ya hendeli yenye nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuelekea kulia, upande ambao umezoea kukazia. Jaribu kwa upole pande zote mbili kabla ya kutia nguvu. Nyota ya dragi haina tatizo hilo; kwenye rili zote inakazwa kwa kuizungusha kuelekea mbele, mahali ulipotupa chambo, na kulegezwa kwa kuirudisha kwako. Ukimaliza kuvua ilegeze, usiiache imekazwa wiki nzima kwenye gari la moto la Houston. Ukikwama na nati hiyo, niandikie kabla hujachukua spana.